Mchanga Chini ya Udongo Mweusi

Mtaalamu wa miamba aliyewahi kutusumbua sana huku Nyasa amefariki kwao Tanga, na walioniletea habari hiyo walikuwa wakicheka: "Yule bwana wa wimbi! Wimbi lenyewe liko wapi?" Mimi sikucheka. Nilikasirika, na leo nawajibu.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Wamatengo kadhaa walikuwa wameteremshwa kutoka milimani hadi tambarare ya karibu na Lundo, nami nilikuwa mwalimu wao. Wakalima walivyozoea, kwa kuchimba mashimo ya ngolo, ambayo kwao Mbinga huzuia mvua isibebe udongo wa mteremko. Hapa mteremko haukuwapo, na Wanyasa wakawacheka hadi machozi. Lakini chini ya udongo mweusi mashimo yale yalitoa mchanga mweupe uliojaa magamba ya konokono wa ziwani, mbali kabisa na maji. Mtaalamu, aliyekuwa akipita kutafuta makaa ya mawe, aliingia shimoni na suruali yake safi, akawa anakwangua ukuta kwa kisu. Alipotoka alisema ardhi iliwahi kutetemeka hapa, hata kabla ya babu zetu kufika, ziwa likapanda kwa wimbi kubwa na kuacha mchanga wake. Tena si mara moja, maana matabaka yalikuwa mawili. Akataka shule iliyopangiwa pale ijengwe kilimani.

"Serikali haiogopi maji!" alifoka katibu tarafa.

"Maji nayo hayaiogopi serikali, mzee," mtaalamu akamjibu. "Nakuheshimu, lakini hapa watoto wasisome."

Siku ya kuchimba msingi aliketi chini, katikati ya kamba za vipimo. Mama mmoja wa Kimatengo akaketi kando yake na jembe mapajani. "Baba, hata mie huo mchanga nimeuona," akasema. Tukaketi wengi. Shule ikajengwa kilimani, yeye akahamishwa, na wazazi waliochoka kupanda mlima wakamlaani miaka mingi.

Wimbi halijaja, ni kweli. Basi ndiyo kusema alikosea? Tunapenda kusema tahadhari kabla ya hatari, lakini hatari ikichelewa tunaigeuza tahadhari kuwa kichekesho, na aliyetuonya tunamwita mwoga. Mwoga gani huyo anayeketi mbele ya katibu tarafa na kupoteza kituo chake kwa ajili ya watoto wasio wake? Kama woga ni kukataa kuwaweka watoto wa watu mahali ambapo wewe mwenyewe usingemlaza wako, basi niiteni mwoga na mimi.