Mdogo wa Jovina Darasani

Mwalimu Eufrazia alikuja shuleni kwetu, upande wa Kibimba, mwaka 1976, akiwa na cheti cha darasa la saba na mafunzo ya miezi michache. Wakorofi waliwaita walimu wa aina yake UPE, Ualimu Pasipo Elimu. Mkorofi wa kwanza nilikuwa mimi, Modestus, mwalimu mkuu wake.

Nilimfundisha kazi kwa fimbo. Mtoto akichelewa, viboko vitatu. Akisahau jembe siku ya shamba la shule, vitatu. Eufrazia alitii, ila mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu, nami nilimsimanga kwa hilo.

Vita vilipoanza mwishoni mwa 1978, baba wa mwanafunzi wetu Jovina alichukuliwa pamoja na wenzake wa mgambo kwenda mpakani. Mkewe, Speciosa, akabaki na migomba, maharage, zamu za shamba la kijiji na mtoto wa mwaka mmoja, Pancras. Jovina ndiye aliyemlea mdogo wake hadi mama arudi kutoka shambani, kwa hiyo alifika shuleni saa nne, au hakufika kabisa. Naye alikuwa ameingia darasa la saba, mwaka wa mtihani.

Siku moja mwezi wa pili alikuja na Pancras mgongoni, amechelewa kama kawaida. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa darasa la Eufrazia. Eufrazia akamwita mbele, akachukua fimbo. Jovina alifungua kanga, akamtoa mtoto, akamkabidhi mwalimu.

“Nishikie kwanza, mwalimu, usije ukampiga na yeye.”

Eufrazia akampokea. Mkono mmoja ukawa na mtoto, mwingine fimbo, na Pancras akaivuta ile fimbo akaanza kuitafuna. Nakiri kwamba mimi nilitaka kucheka. Eufrazia hakucheka. Aliiweka fimbo chini, na tangu hapo sikumwona akiishika tena.

Wiki iliyofuata nikakuta mkeka nyuma ya darasa, na wasichana watano wamekuja na wadogo zao. Wanafunzi walipeana zamu ya kuwaangalia. Nilimwambia Eufrazia kwamba hapa ni shule, si kliniki. Akanijibu kwa adabu kwamba wale watano sasa hawakosi hata siku moja, na kwamba Jovina amewapita wavulana wote kwa hesabu. Nikamwambia tutaona mkaguzi akija.

Mkaguzi akaja mwezi wa tano, na kwa bahati mbaya mtoto mmoja alikuwa ndiyo kwanza amekojoa. Akauliza kwa ukali nani ametoa ruhusa. Eufrazia akanitazama. Nami, mwanamume mzima, mwalimu wa Daraja A, nikasema sina habari.

Watoto wakaondolewa siku ileile. Eufrazia akahamishiwa shule ya mbali, huko Biharamulo. Alipokuja kuniaga hakunilaumu, na ingekuwa afadhali angenilaumu.

“Mimi nitafundisha popote, mwalimu,” alisema. “Jovina hana pengine pa kusoma.”

Jumatatu wasichana watano hawakuonekana. Nilifungua daftari la mahudhurio niwaandike watoro, kama nilivyozoea miaka yote. Nilipofika kwenye jina la Jovina, nikayakumbuka maneno ya Eufrazia. Nikafunga daftari, nikashuka bondeni hadi kwao.

Speciosa aliponiona aliacha kupukuchua maharage, akaniamkia shikamoo, akaanza kujitetea hata kabla sijaketi. Alidhani nimekuja kumshtaki kwa utoro wa binti yake. Jovina alikuwa amesimama mlangoni, mdogo wake mgongoni.

“Kesho waje wote wawili,” nikamwambia mama yake.

Speciosa akauliza nani atamwangalia mtoto wakati dada yake anasoma, maana mwalimu Eufrazia hayupo tena, na mkaguzi anaweza kurudi.

“Nitamwangalia mimi. Na mkaguzi akirudi, atajibiwa na mimi.”

Jovina alikuwa akiitazama mikono yangu, kama anayetafuta fimbo.