Wimbo wa Redio Siku ya Kunyolewa

Nakumbuka asubuhi ile ya wafiwa kunyolewa nywele, kwetu Kanduyi, siku ya tatu baada ya kumzika mume wangu. Mwanangu, wewe unayetunga nyimbo, kaa vizuri. Nitazunguka kidogo, lakini nitafika.

Mume wangu alikuwa fundi Webuye, kwa kiwanda cha karatasi. Harufu ya kiwanda ilikaa kwa shati zake hata nikizifua na kuzianika mchana kutwa. Niliichukia, sasa naitamani. Haya, hiyo si hadithi. Aliugua, akakonda, watu wakasema ati amerogwa. Miaka ile ya tisini kila mtu alikuwa amerogwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini sisi tulificha hata baada ya kifo kuumbua.

Mimi shule niliacha darasa la tatu. Kiswahili nilifundishwa na soko la Kitale, nikiuza mitumba kando ya kijana wa kuuza kanda za muziki. Kanda ikilegea, aliizungusha kwa kalamu ya biro, akairudisha, sauti juu. Nyimbo za siku hizo, bana! Unacheza, kiuno kinaenda chenyewe, halafu neno linakuchoma katikati ya kucheza. Kulikuwa na mmoja juu ya ukimwi. Mwimbaji alitaja rafiki aliyezikwa, jirani aliyezikwa, kisha kiitikio: "Semeni jamani, tusizikane." Redio iliupiga mpaka watoto wakaruka nao kamba.

Sasa, siku ya kunyolewa ndiyo wazee walikuwa wanataja mwanaume wa kumrithi mjane. Walimtaja shemeji yangu Wafula, mtu mpole, mwenye mke na watoto wadogo. Nilimwona mkewe, Nekesa, akiinamisha kichwa. Nami nilijua moyoni kilichomla mume wangu. Wafula akiingia nyumba yangu, tutazikwa sote watatu, na watoto wabaki na nani? Lakini kwetu mjane hakuruhusiwa kusema kwa kikao hicho. Aliruhusiwa kitu kimoja: kuomboleza kwa kuimba, na akianza hakuna wa kumkatiza mpaka anyamaze mwenyewe.

Basi nikaimba. Niliimba ule wimbo wa redio, polepole, kwa sauti ya kilio.

Mzee wa kikao akaruka. "Ati nini? Hiyo si ya disko? Nyamazisheni huyo mama!"

Mama mkwe wangu, aliyekuwa haniongeleshi tangu harusi (tulikosana kwa mambo ya kuku, usiulize), akasimama na fimbo yake. "Tangu lini mwanaume akakatiza mjane akilia? Mila ni mila wakati inakufaa wewe tu? Keti, mzee, usituletee laana!"

Akaketi. Kiitikio kilipofika, wanawake wakapokea. Kumbe wote walikuwa wanaujua! Nekesa aliinua kichwa akaitikia kuliko wote. Nikarudia, nikarudia, sikunyamaza mpaka Wafula akasimama mwenyewe.

"Wazee, nimesikia," akasema. "Shemeji nitamlimia shamba. Nyumba yake sitaingia. Na sisi wote twende tukapimwe."

Tulienda. Mimi nilikutwa na virusi. Wafula na Nekesa hawakuwa navyo. Nililia, ndiyo, kisha nikapanda mahindi, kwa sababu mvua haingoji mtu. Nilivumilia mpaka dawa zikaja, nikameza, na bado nameza.

Juzi tulikuwa Saboti, Nekesa akiozesha mjukuu. Kijana wa mitambo akaupiga wimbo ule. Tukasimama, Wafula, Nekesa na mimi, magoti mabovu na yote, tukacheza mpaka hema likatikisika. Wasichana, wajukuu zetu, wakacheka: "Kukhu, hii ya zamani mnaipendea nini?"

Nekesa akawageukia. "Mnauliza? Si huu ndio uliwazaa nyinyi!"

Wanasema ngoma ikilia sana hupasuka. Hii yetu haijapasuka.

Mwanangu, sisemi nyimbo zenu ni mbaya. Midundo ni mitamu, hata mimi hutikisa bega. Ila weka neno ndani, neno ambalo mtu anaweza kushika siku ya shida. Na ukinyimwa ruhusa ya kusema, tazama ni nini uliachiwa, utie ukweli humo, uutoe kwa sauti. Usingoje kaburi liseme kwa niaba yako.

Haya, nakutemea mate ya baraka kama wazee walivyonitemea. Mungu akupe sauti isiyokauka, na watu wa kukuitikia. Uzeeke, uozeshe wajukuu, na wao ndio wakuzike wewe.