Wateja Wote Nimewahamishia kwa Bibi

Admin nifichie jina, ingawa uzuri huu wataujua tu. Nina miaka 23, naishi Morogoro mjini. Shule nilikomea kidato cha pili, lakini msinidharau: ukiona kisahani cha intaneti kimekaa sawa juu ya bati, kuanzia Dumila hadi Gairo, jua mkono wangu umepita. Nipo kwenye kampuni ndogo ya intaneti. Wenye vyeti pale wananiita Injinia kwa kejeli, na mimi naitika.

Kila mteja akiingia mtandaoni anatoka na namba ya mtandao, siyo ya simu, na huko nje kuna makampuni yanatunza orodha ya namba ipi iko wapi. Zetu zilikuwa zinasoma nchi nyingine kabisa. Mtu yuko Gairo, simu inamwambia mvua ya nchi za watu. Bosi akaniambia, "Jaza fomu za marekebisho, kila kundi la namba na mji wake. Usiparamie kama kawaida yako." Nikamjibu, "Bosi, hiyo ni kumsukuma mlevi."

Fomu nilijazia milimani Uluguru kwa bibi mzaa mama, nimekaa barazani natafuna ndizi ya kuchoma. Ramani ikauliza mahali, kukawa na kitufe cha kuchukua hapo ulipo. Nikabonyeza. Makundi yote. Baada ya wiki kadhaa namba zikasoma Tanzania, wateja wakatulia, bosi akanisifia mbele ya wenye vyeti. Nilitembea kifua mbele, acha tu.

Juzi bibi kapiga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Wageni wako wamefika."

"Wageni gani?"

"Wanaume watatu na pikipiki. Kwenye simu yao nyumba yangu ina alama nyekundu. Wanasema aliyeingilia akaunti ya binti yao akasambaza picha zake, namba aliyoingia nayo imewaleta hapa. Nikawaambia mambo ya mtandao ni ya mjukuu wangu, ndiye fundi."

"Bibi! Umewatajia jina?"

"Na picha yako ya ukutani nimewaonyesha, wakaipiga kwa simu yao. Niliwapa ndizi, hawakula hata moja. Wanarudi Jumamosi, wanataka uwepo."

Nilicheka ili asiogope. Huyo mwizi ni mteja wetu yeyote, anaweza kuwa hata Kisaki. Nikamwomba bibi ashuke mjini. Akaniuliza, "Nimeiba nini mpaka nikimbie? Kwetu ardhi ni ya wanawake. Mama yangu aliniachia mimi, mimi nimwachie nani, wageni?" Jana akaniambia mmoja wao kaegesha pikipiki njiani chini ya shamba tangu asubuhi. Kamsalimia, hakuitikia.

Nimempigia mwenyekiti wa kitongoji. Badala ya kunisaidia akauliza, "Kwani hizo picha ulizisambaza wewe?"

Nywila ya fomu siku hizi anayo bosi peke yake. Nikimwambia, kibarua kimeota nyasi, na hata tukirekebisha leo, orodha zitachukua wiki kubadilika. Jumamosi ni keshokutwa. Nikipanda kuwaeleza, mimi ndiye fundi wa mtandao wanayemtafuta, sura yangu wanayo. Nani atanisikiliza habari za namba na orodha?

Leo sina utani ndugu zangu. Nianzie kwa bosi, au nianzie mlimani? Nijibuni haraka, maana bibi ameshaniuliza Jumamosi apike nini, kwa vile wale wageni ndizi hawakuzipenda.