Betri ya Jumapili

Baba yangu, Mzee Mihayo, aliharibiwa masikio na mashine za kuchambua pamba kule Magu. Mwaka 1995 kiwanda kikauzwa, naye akapunguzwa kazi. Padri akamletea kifaa cha kusikilizia kutoka kwao Ulaya. Betri zake hazikupatikana hata Mwanza mjini, basi baba akakitunza kama vikombe vya wageni: alikivaa Jumapili kanisani tu, na misa ikiisha alikizima. Wiki nzima mama alimwita kwa kumgusa bega. Nikifoka kwamba akivae na nyumbani, baba alinijibu, "Mama yako namwelewa hivyo hivyo."

Siku hizi vifaa hivyo vina akili bandia, vinachagua sauti ya mtu katikati ya kelele. Cha baba hakikujua kuchagua. Baba ndiye aliyechagua, na mpaka leo hilo linanichoma.

Mama alifariki Jumatano, kwa malaria. Tulipomaliza matanga, baba alikivaa kifaa chake siku ya kazi, akakaa jikoni kwenye kigoda cha mama, akasikiliza.

"Rebeka," akaniita, "mahubiri ya padri nayakumbuka yote. Sauti ya mama yako ilikuwaje?"