Mlango wa Nazha

Nilipoolewa na Faris, mama yake alinikabidhi ufunguo wa ghala kabla hata sijavua viatu. Yalikuwa majira ya kuanika. Kila paa la kijiji lilikuwa jeupe kwa ngano iliyochachushwa na mtindi, na theluji ilikuwa bado haijateremka mlimani.

"Nyumba ni hiki chumba," aliniambia. "Huko kwingine ni pa kulala tu."

Hakuna aliyemfikia Nazha kwa kuweka muuna, chakula chetu cha kuvushia baridi. Alikuwa na bulguri ya ngano iliyochemshwa ikakaushwa, tini kavu, biringanya katika mafuta ya zeituni, na nyama ya kondoo iliyokaangwa ikazamishwa katika mafuta ya mkia. Lakini alikuwa na jambo lililonitia hofu. Mlango ukigongwa, aliinuka mbio, akachota chochote kilicho karibu, akafungua mlango, mkono ukiwa tayari umenyooshwa. Hakutaka mtu agonge mara ya pili. Mara nyingi nje hapakuwa na mtu, ni upepo tu. Basi alikuwa akisimama na konzi yake ya zabibu kavu, akitazama chini, pale ambapo uso wa mtoto ungekuwa.

Siku moja tukioka mkate na wanawake wenzangu, niliisifu akiba ya mama mkwe. Hinna, mjane aliyeishi kando ya chemchemi, aliendelea kukanda unga wake bila kunitazama.

"Akiba?" alisema. "Kwa baba yake, Tannus, tuliiita ulanguzi."

Mmoja wa wanawake akaninong'oneza, "Bibi harusi, geuza mkate wako, unaungua."

Nilimuuliza Nazha tulipokuwa tukichambua dengu. Mikono yake haikusimama.

"Ile njaa kubwa ya wakati wa Waturuki umeisikia?"

"Ile ya nzige."

"Nzige, kisha askari, kisha bahari ikafungwa, meli za chakula zisifike. Baba alikuwa amenunua ngano mapema, akaificha nyuma ya ukuta wa banda la viwavi vya hariri. Karima alikuwa shoga yangu, dada yake huyo Hinna. Akaja akagonga. Aliita jina langu, Nazha, hakuita la baba. Baba akaniziba mdomo. Kiganja chake kilikuwa kinanukia mkate."

"Ukafanyaje, Mama?"

"Nilikuwa mtoto. Nilitulia. Akagonga, baadaye akawa anakwaruza chini ya mlango, halafu kimya. Baba alimbeba mwenyewe kumpeleka kaburini. Kisha tukala." Akatoa kijiwe kwenye dengu, akakitupa. "Baba alinipenda mno. Hilo ndilo linalonishinda. Ningeweza kumchukia, ningepata usingizi."

Hakulizungumza tena. Tuliishi pamoja miaka mingi, nikazaa, nikajifunza kazi ya ghala. Uzee ulipomwingia kichwani, hodi zikazidi. Alianza kupanga sahani kizingitini asubuhi hadi jioni.

"Mama, unalisha mbwa," Faris alimwambia.

"Mbwa hagongi, mwanangu."

Faris alichukua ufunguo wa ghala akautia mfukoni. Tulipokuwa mezani tukasikia kucha zikikwaruza ubao. Nazha alikuwa ameketi sakafuni mbele ya mlango wa ghala. Faris aliweka kijiko chini, akamrudishia ufunguo, na chakula chake hakukimaliza.

Nilikwenda kwa Hinna.

"Mama Faris anateseka," nilimwambia.

"Na dada yangu je, alikuwa anacheza?"

Nikarudi nyumbani. Alhamisi iliyofuata, mlango ukagongwa kwa fimbo. Nazha akafungua, bakuli mkononi. Hinna akaingia bila salamu, akaketi, akala polepole hadi akafuta bakuli kwa mkate. Akaondoka. Wiki iliyofuata akaja tena, na nyingine. Hawakuzungumza la maana, walilalamikia magoti.

Nilitumaini hodi zingekoma. Hazikukoma. Alhamisi moja Hinna alikuwa katikati ya kula, Nazha akainua kichwa.

"Nani anagonga?"

Mimi sikusikia kitu. Hinna aliacha kutafuna. Akautazama mlango kwa muda mrefu, akajishika kiunoni, akainuka.

"Kaa. Nitamfungulia mimi."

Akafungua, akasogea pembeni kama anayempisha mtu, akafunga.

"Ameingia," alisema.

Nazha akachukua bakuli jingine, akapakua, akaliweka mezani. Tukaketi watatu, tukautazama mvuke wake hadi ukaisha.

Nazha alifariki kabla ya Kwaresima. Tulipotoka makaburini nilimshika Hinna mkono kwa sababu njia ilikuwa na barafu, nikamuuliza kama siku ile alimwona Karima kweli.

"Nilikuwa na miaka minne dada alipokufa," alisema. "Hata sura yake siikumbuki. Ningemjuaje?"