Mama wa Bwana Sinema

Kuanzia Kamachumu mpaka mpakani mwa Biharamulo, miaka ile mkoa wetu ukiitwa bado Ziwa Magharibi, watu wachache walimwita Projestus kwa jina lake. Walimwita Bwana Sinema. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sauti nzito isiyolingana kabisa na kifua chake, na sauti hiyo ndiyo iliyompa kazi. Mwaka wa pili baada ya Uhuru, akiwa ametoka tu darasa la nane, aliitwa kwenye usaili Bukoba mjini pamoja na vijana wengine kumi na watatu. Wakaambiwa wasome tangazo la chanjo ya ng'ombe, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kihaya. Wenzake walisoma. Projestus alilisema kana kwamba ng'ombe wenyewe ni wa baba yake. Akachukuliwa siku ile ile.

Gari la sinema lilikuwa Landrova ya kijivu, juu lina vipaza sauti viwili, nyuma limebeba jenereta, mashine ya kuonyeshea na shuka kubwa nyeupe. Dereva wake alikuwa Datius, mtu wa maneno machache sana. Mchana walipita wakitangaza. Giza likianza tu kuingia walifunga shuka kati ya miti miwili, wakawasha jenereta, na watu wakaketi chini kwenye majani.

Sinema walizopewa kuonyesha zilikuwa za mambo ya maana: namna ya kuchimba choo, namna ya kupogoa mibuni, faida ya kisomo cha watu wazima. Lakini nani atembee maili nne kwenda kutazama choo? Kwa hiyo Projestus alianza kila onyesho na sinema ya paka. Ilikuwa ya kuchorwa kwa mkono, haina maneno, na hakuna ofisini aliyejua ilitoka nchi gani. Paka mnene anamkimbiza panya uani kwa mkulima. Panya anapita chini ya tumbo la ng'ombe, paka anapigwa teke, anatumbukia kwenye ndoo ya maziwa. Panya anajificha chini ya kuku anayeatamia, paka anapenyeza mkono, anadonolewa mpaka mkia unabaki hauna manyoya. Panya anapanda lundo la nyasi, paka anakanyaga reki, mpini unaruka na kumpiga usoni. Projestus alishika kipaza sauti akawa anawasemea wote kwa Kihaya: paka anatukana, panya anaomba radhi, ng'ombe analalamika kama bibi mzee. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega.

Tatizo ni kwamba mkanda ulikuwa mmoja, na umechoka. Kila ulipokatika, Projestus aliondoa vipande vilivyoungua akaunga kwa gundi. Mwaka hadi mwaka mbio zile zikawa fupi. Ilifika mahali panya anatoka chini ya kuku na papo hapo yuko juu ya nyasi, bila kuvuka ua. Aliomba mkanda mwingine ofisini mara tatu. Alijibiwa kwamba sinema za paka hazimo kwenye orodha.

Mwezi wa nane mwaka 1974 alipewa karatasi ya kusoma Ngenge. Ngenge ndiko alikozaliwa. Mama yake, Kokuberwa, alikuwa bado huko, mjane, akikaa peke yake kwenye kibanja chao bondeni, migomba na mibuni kuizunguka nyumba, na kaburi la mumewe likiwa hatua ishirini kutoka mlangoni. Karatasi ilisema kwamba watu wote waliotawanyika mabondeni wahamie kijiji kipya kando ya barabara kabla ya mwisho wa mwezi, na kwamba kuanzia siku hiyo ni marufuku kulala kwenye makazi ya zamani.

Projestus aliisoma kimyakimya mara mbili garini.

"Nisipoisoma mimi ataisoma mwingine," alisema.

Datius alibadilisha gia.

Basi akaisoma. Walisimama juu ya kilima ambako sauti inashuka vizuri, akasoma kwa Kiswahili, akasoma kwa Kihaya, kwa sauti ile ile nzito iliyosikika hata ng'ambo ya bonde. Hakushuka kwenda kumwamkia mama yake. Alijiambia kwamba wamechelewa, wanasubiriwa mbele. Kweli walikuwa wamechelewa. Lakini si sana.

Hakurudi Ngenge mpaka mwezi wa sita mwaka uliofuata, alipopangiwa kwenda kuonyesha sinema kijiji kipya. Walifika saa nane mchana. Nyumba zilikuwa zimepangwa mistari miwili kama madawati, za miti na nyasi, nyingine zimekandikwa, nyingine bado. Ya mama yake ilikuwa ya tisa upande wa kushoto. Ukuta mmoja ulikuwa haujakandikwa, ameuziba kwa mkeka.

"Waitu, mae," Projestus alimwamkia, akiinama.

"Umekonda," mama akasema. "Kaa. Hakuna kahawa ya kutafuna, utanisamehe. Mibuni imebaki kule."

Alikaa kwenye gogo. Wakaulizana habari za watoto, habari za mkewe Joviana, habari za mgongo. Kisha mama akamwambia, bila hasira yoyote, kama mtu anayesimulia habari za soko:

"Siku ile nilikuwa napalilia. Nikasikia sauti yako inatoka kilimani. Nikawaambia majirani, nyamazeni, huyo ni mwanangu. Nikaweka jembe chini nisikilize vizuri."

Projestus alitazama mikono yake.

"Mae, ilikuwa karatasi ya watu. Mimi nilisoma tu."

"Najua. Ulisoma vizuri. Hata wale wenye masikio mazito walielewa." Akaurekebisha mkeka wa ukutani. "Kibanja kinakufa, mwanangu. Ni saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, na jua likianza kushuka lazima niwe njiani. Nikifika huko nimechoka, napalilia migomba minne, narudi. Nguruwe pori wameingia. Wewe unajuana na wakubwa. Waambie wanipe miezi miwili tu nilale kule, nikitengeneze, nitarudi mwenyewe bila kusukumwa."

"Njoo ukae kwetu mjini."

"Chumba kimoja, na watoto wanne? Na baba yako nimwache na nani?"

Projestus akasimama, akaenda ofisi ya kata.

Katibu kata aliitwa Clavery. Alimpokea vizuri, akampa kiti, akampigia kelele mtu alete maji ya kunywa. Projestus akaeleza. Clavery alimsikiliza mpaka mwisho, akajikuna shingo.

"Ndugu Projestus, mama yako ni mama yangu. Lakini nikimruhusu huyu, kesho nitakuwa na mamia hapa mlangoni. Na wewe ndiye uliyewatangazia. Sasa watasema nini, kwamba sheria ni ya watu wote isipokuwa mama wa Bwana Sinema?"

"Ni miezi miwili tu. Ni mzee."

"Hata kibanja cha mama yangu kiko bondeni," Clavery akasema polepole. "Sijakiona tangu Novemba. Nikikanyaga kule watasema katibu mwenyewe anarudi. Unafikiri ninalala vizuri?"

Wakatazamana. Hapakuwa na wa kugombana naye. Projestus angependa sana Clavery awe mtu mbaya.

Aliporudi, mama hakumuuliza. Aliona usoni. Alisema tu, "Basi leo nitakuja kuitazama hiyo sinema yako. Miaka yote hii sijawahi kuiona."

Jioni ile kijiji kizima kilikuja. Kokuberwa alitandika mkeka wake mbele kabisa, karibu na shuka, akanyoosha miguu. Jenereta ikanguruma, mwanga ukapiga, paka akatokea. Projestus akaanza kuwasemea kama kawaida, na mara moja kicheko kikalipuka. Ng'ombe alipopiga teke, alimsikia mama yake akicheka, kicheko chembamba cha juu ambacho alikuwa hajakisikia tangu baba afe. Moyo wake ukachangamka. Akaongeza madoido: paka akitoka kwenye maziwa alimfanya apige chafya kama mwalimu mkuu wa zamani wa Kamachumu, na waliosoma huko wakapiga makofi.

Ndipo Kokuberwa akapaza sauti, akiwa amegeuka kumtafuta mwanawe kwenye mwanga wa mashine.

"Mji huu ni wa nani?"

Watu wakacheka, wakidhani naye anatania.

"Nauliza kweli," akasema. "Ng'ombe wapo, kuku wapo, nyasi zimekatwa zikakusanywa. Nyumba ina mlango mzuri. Lakini tangu sinema imeanza sijaona mtu. Wenyewe wako wapi?"

Projestus alikuwa ameipitisha sinema ile zaidi ya mara elfu na hakuwahi kuliona hilo. Kweli, hakuna mtu. Paka na panya wanavunja, wanamwaga, wanaangusha, na hakuna anayetoka nje kuuliza kuna nini. Kicheko kilipungua upande wa mbele, kikapungua katikati, mpaka ikabaki jenereta peke yake. Watu mia tatu walikuwa wanautazama ua usio na mwenyewe, kila mmoja akiangalia ua anaoujua yeye.

"Projestus," mama akaita tena. "Wenyewe wako wapi?"

Kipaza sauti kilikuwa mdomoni mwake. Alijua kila mtu anasubiri, na Clavery amesimama kando na viongozi wawili kutoka Muleba.

"Wamekwenda shambani," akasema.

"Shamba si ndilo hilo hilo?"

Panya alikuwa amefika juu ya nyasi, paka anaifuata reki, na pale mkanda ukakwama, picha ikaanza kuungua kutoka katikati, doa la kahawia linalopanuka, mpaka shuka ikabaki nyeupe tupu. Kwa kawaida watu hupiga kelele mkanda ukiungua. Siku ile hakuna aliyepiga. Datius aliinuka kwenye usukani, akaja kumshikia tochi, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi alisema neno bila kuulizwa:

"Weka ile ya choo."

Akaweka ile ya choo. Mama yake alikaa mpaka mwisho, akatazama kila kitu kwa makini, akakunja mkeka wake akaenda.

Asubuhi Projestus alimkuta ameshavaa, jembe begani, kitambaa kichwani.

"Gari lenu linapita karibu na njia ya bondeni," akasema. "Nisogezeni tu mpaka pale njia inapogawanyika. Nitapata nafasi ya kupalilia migomba mitatu zaidi."

Ilikuwa marufuku kubeba abiria. Projestus alimtazama Datius. Datius akafungua mlango wa nyuma, akasogeza jenereta. Walimshusha kwenye njia panda. Projestus alitaka kushuka naye, aende akaone, alime hata mgomba mmoja, lakini saa sita walikuwa wanatakiwa Biharamulo, na viongozi wa Muleba walikuwa nyuma yao kwenye gari jingine. Mama alimpungia mkono kwanza, ili yeye asipate tabu ya kuamua.

Baada ya hapo ofisi ilisikia habari za usiku ule, ikaichukua sinema ya paka. Projestus hakubisha. Aliandika barua mbili kuhusu kibanja; moja haikujibiwa, nyingine ilijibiwa kwa kushukuriwa. Kila alipopata likizo alikwenda Ngenge, akalima siku mbili tatu bondeni, na kila alipokwenda nyasi zilikuwa zimesogea karibu zaidi na nyumba. Ukuta ulioachwa wazi kijijini aliukandika mwenyewe. Mama alisema asante, ukuta ni mzuri.

Kokuberwa alikufa Machi 1977, kwa homa ya siku nne. Habari zilimkuta Projestus njiani, na alipofika walikuwa wameshamvika sanda. Alikwenda kwa Clavery, ameyapanga maneno ya kuomba. Hayakuhitajika. Clavery alikuwa ameshaandika kibali: marehemu azikwe bondeni kando ya mumewe, na waombolezaji waruhusiwe kulala huko siku zote za matanga.

"Kwa maziko hakuna tatizo," alisema, akimpa karatasi kwa mikono miwili. Macho yake yalikuwa mekundu.

Projestus alisimama nayo. Ilikuwa na muhuri. Miezi miwili aliyoomba mama haikupatikana. Siku za matanga zilipatikana kwa dakika tano. Akaikunja akaitia mfukoni.

Vijana walitangulia na mapanga kufyeka njia, maana migomba mingi ilikuwa imeanguka na nyasi zimefika kifuani. Walitumia nusu saa kulitafuta kaburi la baba. Padri alipomaliza ibada, alimwomba Projestus, kwa kuwa ana sauti, aseme maneno machache kwa niaba ya familia. Alisogea mbele, akafungua mdomo. Watu walisubiri. Sauti haikutoka, hata ya kukohoa. Dada mmoja wa mama akaanza wimbo wa Bikira Maria, wengine wakaupokea, naye akarudi nyuma akasimama karibu na Datius, mbele ya nyumba yao ya zamani, ambayo sasa haikuwa na paa.

Walilala bondeni usiku nne. Siku ya tano asubuhi mjumbe wa kijiji alikuja kuwakumbusha, kwa adabu, kwamba kibali kimekwisha.