Muasmini wa Bi Zuhura

Siku ya kwanza ya kazi nilikabidhiwa mkasi wa kupogolea, na kabla sijakata kijiti hata kimoja, Msimamizi wa bustani akaninyang'anya.

"Unamkata nani?"

"Hiki kichaka kimekauka, bwana."

"Kakwambia mwenyewe?"

Akakwaruza gome la tawi kwa ukucha. Chini yake palikuwa pakavu, rangi ya kahawia. Akashuka, akakwaruza tena. Kahawia. Alipofika karibu na ardhi, kijani kikatokea, kibichi kama ganda la ndimu.

"Huyu mgonjwa," akasema. "Maiti hana kijani."

Hiyo ilikuwa hoteli moja ya Kiwengwa, pwani ya mashariki ya Unguja. Shule niliiacha mapema, na nilikwishafanya kazi za kila namna bila ya kutulia pahala. Nilidhani na bustani nitaikimbia. Aliyenizuia ni Msimamizi, Mtumbatu mrefu mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo. Kila nikimuuliza swali, alinijibu kwa swali. Nilimuuliza kwa nini ua wa vichaka wa upande wa baharini umeungua na wa nyuma umestawi.

"Ungekuwa wewe umesimama hapo mchana kutwa, unapigwa na upepo wa chumvi, ungependeza?"

Kwake nilijifunza kwamba vichaka visivyopukutisha majani, vile ambavyo huwa kijani mwaka mzima, ndivyo vinavyosahauliwa zaidi majumbani. Havidai kitu. Mwenye nyumba akishavizoea haviangalii tena, mpaka siku aone vijiti.

Kutoka Kiwengwa tulihamia Bwejuu, kisha tukaanza kuitwa kwenye nyumba za watu Mjini. Ndipo alipotuita Bi Zuhura, mwenye nyumba ya ghorofa Mji Mkongwe. Uani kwake palikuwa na muasmini uliopandwa na marehemu mama yake, na kila bibi-harusi wa nyumba ile alipambwa kwa maua yake. Sasa ulikuwa vijiti vitupu. Nassor, mdogo wake Bi Zuhura, alitaka ung'olewe pawekwe tangi la maji.

"Dada, ndio umeita madaktari wa kuni?" alisema tulipoingia.

Msimamizi alimpita, akaenda moja kwa moja shinani. Alipiga magoti, akachota udongo, nao ukawa mweupe kiganjani. Mafundi waliotengeneza ukuta walikuwa wamechekecha chokaa pale pale shinani, mvua ikaipeleka mizizini. Muasmini hauipendi chokaa. Majani hugeuka manjano, kisha hudondoka. Tena Bi Zuhura alifagia ua asubuhi na jioni kwa ufagio wa chelewa, mpaka mizizi ikatoka nje kama mishipa ya mkono.

Tuliuondoa udongo ule, tukajaza mwingine wenye samadi ya mbuzi iliyooza. Kisha Msimamizi akaukata muasmini mpaka ukabaki kimo cha goti.

"Yarabi!" Bi Zuhura alishika kichwa. "Nimekwiteni muuguze, mnanimalizia!"

"Kigingi kizuri," Nassor akasema. "Tutafungia mbuzi."

"Bi Mkubwa," Msimamizi alisema, huku akitandaza makumbi ya nazi na majani makavu shinani ili unyevu usipotee, "kukata ni kazi yangu. Yako ni ngumu zaidi. Hapa usifagie."

"Nisifagie? Watu wakija waone uani kwangu jaa?"

"Waone."

Asiyewajua wanawake wa Mjini hataelewa Bi Zuhura aliombwa nini. Jirani mmoja alimuuliza kama anaumwa. Mwingine akaja na maneno: "Zuhura, ufagio umekatika? Nikuletee wangu?"

"Niletee chai, shoga. Ufagio ninao."

Nilikuwa nikipita kumwagilia. Siku moja nilimkuta ameinama na ufagio, anafagia kuyazunguka yale makumbi taratibu, kama anayefagia chumba alicholala mtoto mchanga. Hakugusa hata jani. Mimi niliyezoea kuacha kazi njiani, nilisimama na ndoo yangu nikamtazama.

Masika yalipoingia, Nassor ndiye aliyetupigia simu.

"Msimamizi, kigingi kimeota majani."

Tangi alilipandisha juu ya paa, akilalamika ngazi hadi ngazi.

Muasmini ulikuja kuchanua kabla ya harusi ya binti wa Bi Zuhura, naye akatualika tukaone. Msimamizi hakwenda. Nilimuuliza kwa nini, na mara hiyo hakunirudishia swali.

"Nshaona majani," alisema. "Maua ya wenyewe."

Sasa nimestaafu, nakaa Mwanakwerekwe, na magoti hayataki tena kupigwa chini. Kazi nilizofanya ni nyingi. Wakubwa wa baadhi yake nimesahau hata sura zao. Msimamizi namkumbuka, na Bi Zuhura namkumbuka pamoja naye, maana kazi ile waliifanya wawili.

Nikiwa na shughuli Mjini hupita kichochoro cha nyumba ile baada ya alasiri. Harufu huvuka ukuta, na ndani husikia wasichana wakitunga maua na kutaniana. Mkono huniwasha niubishe mlango, nikauangalie ule muasmini. Sibishi. Huwapisha wacheke, nikaenda zangu.